Vibandiko Sita vya Mama Gisubizo

Mimi ni mwalimu. Nafundisha watu wazima kusoma na kuandika, hapa Majengo, mjini Goma. Wanafunzi wangu wanasema ninaongea sana. Ni kweli, na sioni aibu. Mwalimu bubu atafundisha nini?

Hadithi hii ni ya mmoja wa wanafunzi hao. Mwenyewe amenipa ruhusa kuisimulia. Aliniambia, "Andika yote, mwalimu, lakini usiandike kwamba nililia." Basi, sitaandika.

Anaitwa Eugénie Mukamugema. Mtaani tunamwita Mama Gisubizo, kwa jina la binti yake mkubwa. Wazazi wake walikuwa wafugaji katika milima ya Masisi, lakini yeye anajua nguo kuliko ng'ombe. Ni fundi wa kushona. Cherehani yake iko kwenye baraza, mbele ya nyumba yao ya mbao. Chini ya mguu mmoja wa meza amesukuma jiwe jeusi la volkano ili meza isiyumbe. Kila asubuhi anaweka makaa katika pasi, anafuta vumbi, anaanza kazi.

Kama umewahi kushonewa nguo naye, unajua mambo yake. Anakusimamisha mbele ya kioo. Anaweka pini tano au sita kati ya midomo. Halafu anazichomoa moja moja na kukubania nguo mwilini. Mafundi wengine wana kimto kidogo cha pini, wanakifunga mkononi. Yeye hataki.

"Mudomo uko karibu kuliko mukono," anasema.

Pini zikiwa mdomoni haongei. Hapo ndipo mimi napata nafasi ya kuongea naye bila kukatizwa.

Siku moja alikuwa ananipima gauni. Nikaona kitambaa cha kichwa amekifunga hadi chini ya masikio. Goma ina baridi asubuhi, lakini ilikuwa saa sita mchana na jua kali. Alipoinama kupima pindo, kitambaa kikateleza. Chini ya sikio lake la kushoto kulikuwa na uvimbe, kama nusu ya ndimu.

"Mama Gisubizo, hapa chini ya sikio uko na nini?"

Alitoa pini mdomoni polepole. "Kitu kidogo tu."

"Kidogo tangu lini?"

"Tangu wakati wa kuvuna maharagwe."

"Ya mwaka huu?"

Akarudisha kitambaa mahali pake. "Ya mwaka uliopita."

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo. Ingekuwa inauma ningekuwa nimeshaenda kwa muganga, hospitalini. Dative anasema ni jino bovu ndilo linavimbisha hapo juu."

Dative ni wifi yake, dada wa mume wake. Ana jibu kwa kila jambo, kama mimi. Ndiyo maana hatupatani sana.

"Dative si muganga," nikasema. "Na mimi pia si muganga. Lakini kumbuka, nesi Nsimire alikuja darasani kwetu. Alisema nini? Uvimbe wa shingo au uso ukipita wiki tatu, uonyeshe kwa muganga. Kidonda cha mudomo kisichopona, onyesha. Sauti iliyokauka bila mafua, onyesha. Na alisema tusingoje maumivu, kwa sababu kansa mara nyingi inaanza bila kuuma. Mimi niliandika maneno hayo ubaoni. Wewe uliyanakili kwenye daftari lako."

"Niliyanakili," akasema. "Na uliniwekea alama nzuri. Nilifikiri ni somo la kusoma tu."

Nikavua lile gauni la pini. "Basi kesho nenda," nikamwambia.

Kesho yake alienda hospitalini na mume wake, Onésime Habarurema. Onésime anauza maziwa. Ni mtu wa maneno machache, lakini akiuliza swali, ujue amelifikiria kutoka nyumbani. Pale hospitalini walipokelewa na daktari Sikuli, bingwa wa upasuaji wa kichwa na shingo. Daktari aligusa uvimbe, akaingiza sindano nyembamba, akatoa majimaji kidogo ya kupimwa. Baada ya wiki mbili jibu likarudi. Ilikuwa kansa ya tezi ya mate.

Mama Gisubizo alinieleza baadaye jinsi daktari alivyozungumza. Hakuzunguka. Alichukua kalamu na karatasi, akachora uso.

"Mama, hii ni tezi inayotengeneza mate. Iko mbele ya sikio na chini yake. Uvimbe umekaa ndani ya tezi hiyo. Haujaenda mbali. Tukiutoa wote, kuna matumaini makubwa. Hii kansa haiambukizi. Lala na mume wako, kula na watoto wako."

"Sasa tatizo ni nini?" aliuliza Onésime.

"Tatizo ni hili." Daktari akachora mstari mwembamba unaopita katikati ya tezi, halafu akaugawa matawi matano. "Huu ni mushipa wa fahamu. Tunauita neva. Huu ndio unaoamuru jicho lifumbe na mudomo ufunge. Uvimbe umelala karibu nao sana. Neva ikikatika, upande huu wa uso unalegea. Mudomo unashuka. Mate yanatoka yenyewe."

Mama Gisubizo aligusa mdomo wake. "Nitashika pini na nini?"

Daktari hakuelewa. Onésime akamweleza kazi ya mke wake. Daktari hakucheka.

"Basi tutailinda hiyo neva," alisema. "Na una bahati. Juma hili nina miwani."

Akawaonyesha miwani mikubwa myeusi, kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Rafiki yake aliyesoma naye ndiye aliyempa kwa juma moja tu. Alhamisi iliyofuata miwani ilikuwa iondoke kwenda mji mwingine.

"Skana inapiga picha ya ndani ya kichwa," alieleza. "Kompyuta inachukua picha hiyo, inatengeneza sura ya mufupa, ya uvimbe na ya mishipa ya damu. Kisha mimi ninavaa miwani na kukuangalia. Juu ya uso wako ninaona ile sura, na rangi zake, kama vile ngozi yako imekuwa kioo cha dirisha. Ninaona uvimbe umekaa wapi na umeingia ndani kiasi gani, kabla sijashika kisu."

"Na neva unaiona?" aliuliza Mama Gisubizo.

"Hapana. Neva ni nyembamba mno, skana haiionyeshi vizuri. Lakini mufupa unaniambia inatokea wapi. Kutoka hapo, ni mikono yangu inayoitafuta. Miwani haikati, mama. Inanionyesha njia."

Onésime alikuwa anakuna kidevu. "Muganga, mutu anageuza kichwa. Picha inajua namuna gani mahali pa kukaa?"

"Umeuliza vizuri sana," alisema daktari. Lakini mlango ukagongwa, akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Alikimbia, na swali likabaki pale mezani.

Siku ya Ijumaa nesi Nsimire alimwandaa Mama Gisubizo kwa skana. Alimbandika vibandiko sita vidogo vya mviringo usoni. Viwili kwenye paji la uso, kimoja juu ya kila shavu, kimoja kwenye kidevu, na kimoja nyuma ya sikio la kushoto. Akakizungushia kila kimoja mstari kwa kalamu ya zambarau. Kisha mama akaingia skana.

"Usivitoe," nesi alimwambia. "Usiviloweshe. Hata vikiwasha, vumilia. Jumatatu utaingia operesheni navyo."

"Nitaoga namuna gani?"

"Kuanzia shingo kushuka chini. Uso uache."

Nje kulikuwa na foleni ndefu. Nesi hakueleza zaidi, na mama hakuuliza.

Sasa sikiliza. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku ya gusaba ya binti yake Gisubizo. Familia ya kijana ilikuwa inatoka Rutshuru kuja kuomba msichana, na siku ilikuwa imepangwa miezi mitatu kabla. Katika familia zetu, mama wa msichana anaketi mbele, wageni wote wanamwona. Anavaa vazi letu la sherehe, mushanana uliopigwa pasi vizuri, anapaka mafuta, uso unang'aa. Huwezi kuwapokea wakwe kama mtu aliyetoka kuchimba mawe.

Asubuhi Dative alifika, akaona vibandiko, akaweka mikono kiunoni.

"Wifi yangu, utaketi mbele ya wakwe na hivi vitu usoni?"

"Nesi amesema nisivitoe."

"Nesi haozi mutoto leo. Wewe ndiye unayemwoza. Watasema wanaoa katika nyumba ya wagonjwa. Watageuza magari. Toa hivyo, kesho tutavirudisha."

Mama Gisubizo alifikiri sana. Halafu alifanya jambo ambalo, mimi nakuambia, ni yeye tu angelifanya. Alichukua utepe wake wa kupimia. Akapima kila kibandiko: kutoka nyusi, kutoka pua, kutoka pembe ya mdomo. Akaandika namba zote katika daftari lake la darasani, safi, moja chini ya nyingine. Ndipo akavitoa kwa mafuta na maji ya uvuguvugu, akafuta na mistari ya zambarau, akavipanga juu ya kifuniko cha kopo.

Gusaba ilikwenda vizuri. Wazee walitaniana, watu walikula, Gisubizo alipata mchumba wake. Mimi nilikuwepo. Niliona uso wa mama uko safi, unang'aa. Vibandiko nilikuwa nimeviona Ijumaa jioni; nikajiambia, labda madaktari wamevitoa.

Jioni Dative akaja kwangu. Alitaka kuazima kalamu yangu ya zambarau, ile ninayosahihishia madaftari. Nikampa. Sikuuliza ya nini. Mimi, ninayeuliza watu hata bei ya viatu vyao, siku hiyo sikuuliza.

Jumapili vibandiko vilikuwa vimerudi usoni, kwa gundi ya karatasi. Mduara wa zambarau ulikuwa umezunguka kila kimoja. Mama alivirudisha vitano mwenyewe mbele ya kioo. Kile cha nyuma ya sikio hakuweza kukiona. Hicho kilibandikwa na Dative.

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitalini sote wanne. Mama Gisubizo alikuwa amevaa gauni la wagonjwa, ameketi kitandani. Dative alikuwa pembeni yake. Onésime alisimama dirishani na kofia yake mikononi. Nesi Nsimire aliingia, akaangalia vibandiko kwa mbali, akatikisa kichwa kwamba sawa.

Hapo Onésime akageuka. "Nesi, kuna swali nililouliza, halikujibiwa. Picha inajua namuna gani mahali pa kukaa juu ya uso?"

Nsimire alifurahi. Alivuta kiti, akaketi. "Mama, wewe ni fundi. Ukitaka kukata nguo, unaweka patroni ya karatasi juu ya kitambaa. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Unaishika na nini isihame?"

"Na pini."

"Basi, vibandiko ndivyo pini zetu. Ijumaa, skana ilipiga picha ya kichwa pamoja na vibandiko. Leo miwani itavitafuta usoni. Ikivipata vyote sita, inaweka picha juu yake, kila kibandiko cha picha juu ya kibandiko cha uso. Kama pini hazikuhama, patroni imekaa sawa. Muganga anakata mahali pa kukata."

Mama Gisubizo alipeleka kidole nyuma ya sikio. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na pini ikihama?"

"Imehama kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kama upana wa pindo."

"Mama, wewe unajua kuliko mimi."

Anajua. Miaka ishirini amekuwa akikata nguo. Pini ikikosea kidogo kwenye kola, mkono mzima wa gauni unavutwa, na aliyelivaa hawezi kuinua bega. Niliona vidole vyake vinashika shuka kwa nguvu. Nikamwangalia Dative. Nikakumbuka kalamu yangu.

Dative aliinama sikioni mwake. Alinong'ona, lakini mimi nina masikio. "Ulipima na utepe. Viko mahali pake. Ukisema, watakutoa kwenye orodha. Miwani inaondoka Alhamisi."

Hilo lilikuwa kweli. Kulikuwa na wagonjwa wengine wanaongoja, na miwani ilikuwa moja. Akisema, anaweza kupoteza nafasi, na kukatwa bila miwani. Akinyamaza, picha itakaa vibaya juu ya uso wake mwenyewe.

Mama Gisubizo alimwangalia wifi yake kwa muda. Hakuwa na hasira.

"Kitambaa nikikikata vibaya, nanunua kingine," alisema. Kisha akamgeukia nesi. "Nsimire, hivi si vile ulivyoweka. Nilivitoa siku ya gusaba. Nilivirudisha mwenyewe. Unisamehe."

Hapa naruka mistari miwili, kwa sababu niliahidi.

Nsimire alisimama. Alitoka haraka, akarudi na daktari Sikuli. Mimi nilijiandaa kwa kelele. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumtetea. Daktari alisikiliza hadi mwisho, hata habari ya utepe, halafu akaomba lile daftari. Akasoma zile namba, mstari kwa mstari.

"Ni wewe uliyeandika hivi?"

"Ni mimi."

"Kuna wanafunzi wangu wa udaktari wasioandika vipimo vizuri hivi."

Mimi nilinyoosha mgongo. Huyo ni mwanafunzi wangu.

Daktari alileta kijiti cha kupimia kilichounganishwa na kompyuta. Akagusa kila kibandiko na kutazama picha ya Ijumaa. Cha kidevu kilikuwa kimehama milimita mbili. Vya paji la uso, karibu hivyo. Alipogusa kile cha nyuma ya sikio, akarudia mara ya pili.

"Hiki kimehama milimita saba."

Hakuna aliyemtazama Dative. Yeye mwenyewe alijitazama miguu.

"Na neva inatokea hapa, karibu kabisa na hapa," alisema daktari. "Kabla ya kukata huwa tunahakikisha. Ninagusa ncha ya pua, pembe ya jicho, ninaona kama picha imelingana. Labda ningeona kosa. Lakini mimi sitaki kufanya kazi na labda. Aksanti, mama. Umenisaidia sana."

"Na mimi nimekosa," alisema Nsimire. "Nilikuambia usivitoe. Sikukuambia ni kwa nini. Ningesema habari ya pini siku ile, usingevigusa."

"Ningegoma mbele ya wakwe wote," alisema Mama Gisubizo.

Daktari aliangalia orodha yake kwa muda mrefu. Sisi tulimwangalia yeye. Mwishowe akasema, "Kesho, Jumanne, operesheni zimejaa. Siku hiyo tutabandika tu vibandiko vipya na kurudia skana. Operesheni itakuwa Jumatano mchana, wewe wa mwisho. Lakini utalala hapa hapa, na uso huo mutu asiuguse."

Huyo mutu alikuwa mimi, na wewe, na nzi wote wa Goma, kwa sababu mlinzi alikuwa Dative. Tangu Jumanne hakutoka kando ya kitanda. Akimwona mgonjwa anajikuna, anamshika mkono. Wamama wa kikundi cha maombi walipofika na chupa yao ya mafuta, aliwasimamisha mlangoni. "Ombeni kutoka hapo hapo," aliwaambia. "Mungu anasikia mbali. Paji la uso hili mafuta hayafiki." Wakaomba kutoka pale pale.

Jumatano saa saba mchana walimchukua. Tulikaa nje kwenye benchi. Onésime hakukaa. Saa zilipita, moja, mbili, tatu. Tulijua wote tunachongoja. Tulitaka arudi hai. Tukishapata hilo, tulitaka arudi na uso wake.

Nsimire alikuwa ndani, na baadaye ndiye aliyetueleza. Daktari alivaa miwani, akagusa ncha ya pua, akagusa pembe ya jicho. Picha ilikuwa imelingana, haikupita wala haikupungua. Kwenye skrini ya ukutani wote waliona anachokiona yeye: mfupa mweupe wa taya, mishipa ya damu, na uvimbe kwa rangi ya kijani. Na waliona jambo ambalo vidole havikuwa vimelijua. Uvimbe ulikuwa na mkia mdogo, umeingia nyuma ya taya. Daktari alibadilisha njia yake papo hapo, akaanzia juu kidogo. Alipokaribia mahali pa neva, aliipandisha miwani kwenye paji la uso, akafanya kazi kwa macho yake. Aliipata neva. Nsimire anasema ilikuwa nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea, na daktari aliinua uvimbe kutoka juu yake polepole, tawi kwa tawi, hata hakuna aliyekohoa chumbani.

Ndugu yangu msomaji, mimi nimefundisha miaka kumi na tisa. Nimeona watu wa miaka sitini wakisoma jina lao kwa mara ya kwanza. Nilifikiri hakuna kitu kitakachonishangaza zaidi ya hicho. Siku ile nilishangaa. Mtoto wa watu, aliyezaliwa na mama kama mimi, anaweza kuona ndani ya shavu la mwenzake kabla ya kulifungua, kisha akazunguka uzi mmoja bila kuukata. Niliheshimu sana ile mikono.

Saa kumi na mbili walimrudisha. Shingo ilikuwa imefungwa bendeji. Asubuhi daktari akaja.

"Mama Eugénie, fumba macho."

Akafumba. Yote mawili.

"Tabasamu."

Upande wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulichelewa, ukapanda nusu.

Onésime akashika ukingo wa kitanda. Daktari akamwekea mkono begani. "Usiogope, papa. Neva ni nzima, niliiona kwa macho yangu. Imechoka tu, kwa sababu tumeisogeza. Itarudi baada ya wiki kadhaa. Lakini lazima afanye mazoezi. Apulize, apige mluzi, atamke maneno ya kufunga midomo."

"Maneno gani?" aliuliza Mama Gisubizo. Alikuwa anaongea kwa shida.

"Ba, be, bi, bo, bu. Pa, pe, pi, po, pu."

Hapo niliruka kutoka kwenye kiti. Hiyo ni kazi yangu.

Matokeo ya maabara yalifika baadaye. Uvimbe ulikuwa umetoka wote, na kingo zake hazikuwa na kansa. Mama hakuhitaji matibabu mengine, lakini kila miezi mitatu anarudi kuangaliwa. Hakosi hata mara moja. Siku yenyewe ameiandika ukutani, juu ya cherehani, kwa mkono wake.

Na kila jioni alikuja kwangu. Tulikaa mbele ya ubao kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Ba, be, bi, bo, bu. Majirani walidhani amesahau kusoma. Wiki ya pili alijaribu pini moja mdomoni. Ikaanguka. Wiki ya tatu, ikaanguka. Aliiokota, akaifuta, akairudisha kwenye kopo. Wiki ya nne sikuthubutu kumuuliza.

Dative amebadilika kidogo. Kidogo tu, usidhani ni malaika. Lakini jirani akimwonyesha uvimbe au kidonda, hasemi tena ni jino. Anauliza, "Tangu lini?" Ikiwa ni zaidi ya wiki tatu, anamshika mkono na kumpeleka mwenyewe. Na nesi Nsimire sasa hambandiki mtu kibandiko bila kueleza kwanza habari ya patroni na pini.

Juma lililopita nilienda kwa Mama Gisubizo kupima gauni langu la harusi. Si harusi yangu, ni ya Gisubizo, mwezi ujao. Kitambaa cha kichwa hakimfuniki masikio tena. Nyuma ya taya kuna mstari mwembamba wa kovu, na anauacha uonekane. Alinisimamisha mbele ya kioo. Akafungua kopo la pini.

Aliweka moja kati ya midomo. Nikanyamaza. Akaweka ya pili. Ya tatu. Akaendelea mpaka zikafika sita, upande wa kulia tatu na upande wa kushoto tatu. Kisha akainama, akaanza kunibana kiuno kama zamani.

Basi nami nikaanza kuongea. Niliongea habari ya darasa, ya wakwe, ya bei ya mchele. Yeye hakuweza kunikatiza. Mwishowe nikamwambia, "Mama Gisubizo, ile hadithi nimeimaliza. Sasa niambie ukweli, niandike kwamba ulilia?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu, kushoto na kulia. Pini zote sita zilibaki mahali pake.